Alama Mbili Ubavuni mwa Tairi

Mahona hakuwahi kuchukua tairi bila kulichanja. Akishakubaliana na mwenye mali, kabla hajalinyanyua, alichomoa kisu kiunoni akalitia alama mbili ubavuni, fupi, sambamba, kama baba yake alivyokuwa akichanja masikio ya ndama. Ndipo aliposema, "Haya. Sasa ni langu." Na hata hapo alilitazama njia nzima mpaka nyumbani, asije akawa amepewa lingine.

Kazi yake ilikuwa kukata makatambuga, viatu vya tairi, kwenye kona ya soko la Bariadi. Wachungaji walivaa kazi ya mkono wake, wapiga kwanja walivaa, na akina mama wa shamba walivaa. Ukimwinua mtu mguu mjini pale, ukaona mikato miwili chini ya kisigino, humuulizi kanunua wapi.

Tabia ya kuchanja aliianza ujanani. Aliacha tairi zuri la lori kwa mtu, akaenda kutafuta mkokoteni, akarudi akakuta jingine lenye upara. Mwenyeji akaapa kuwa ndilo lile lile. Mahona hakubishana. Alilibeba lile bovu, akakata viatu, na tangu siku hiyo hakumwamini mtu aliyeshika kitu chake kwa mikono miwili.

Nyanjige, mkewe, alimtania kwa hilo maisha yote.

"Mimi je? Ulinichanja wapi?"

"Wewe nilikuacha hivyo hivyo. Nani akuibe na mdomo huo?"

Nyanjige alicheka mpaka kanga ikamtoka begani.

Mwaka jana, pamba ikiwa inapasuka shambani, akaibiwa.

Walimzika kijijini Kasoli, kwenye shamba lao. Matanga yalipokwisha, Milembe, binti yao, fundi cherehani, alimchukua baba yake akamweka kwake mjini. Alimpa chumba chenye dirisha la barabarani. Mahona alikaa, akala alichopewa, akaendelea kukata viatu. Maneno yaliyokuwa machache yakawa machache zaidi.

Kitu kimoja alichokitaka, alikitaka kimya kimya kama mtu anayeficha makaa kwenye majivu: kwenda Kasoli mwenyewe, kwa pikipiki yake mwenyewe, kabla mvua hazijaanza.

Sababu ilikuwepo. Shamba lile ni mbuga, udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Kiangazi kilikuwa kimeupasua vibaya. Luhende, jirani wa shamba, alikuwa amepiga simu.

"Shemeji yangu amezama upande wa kichwani," alisema. "Kuna ufa kaburini. Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko."

Mahona alizima simu bila kuaga. Mvua ya kwanza ikikuta ufa ule, maji yangeteremka moja kwa moja mpaka kwa Nyanjige. Na kuuziba kwa udongo ule ule ni kazi bure, maana jua likirudi ungepasuka tena. Palitakiwa luseni, udongo wa kichanga usiopasuka, kiroba kizima. Luhende alisema angefanya yeye. Mahona akakataa. Alimjua Luhende: angejaza udongo wa karibu, akanawa mikono, akapiga simu kwamba tayari.

Tatizo lilikuwa nyonga. Nyonga ya kushoto ilikuwa imekaza, mguu ukawa mfupi. Pikipiki ilimwendesha vizuri mradi isisimame. Siku iliposimama, pale kwenye kona ya soko, alitafuta ardhi kwa mguu akaikosa, akaanguka na pikipiki yake juu ya dagaa wa Justina.

Justina aliuza dagaa hatua chache kutoka kibanda cha viatu, na hakuliacha lile jambo lilale. Kila asubuhi alisema, "Mwangaluka, rubani! Leo unatua wapi?"

Milembe alichukua ufunguo siku hiyo hiyo.

"Ukitaka kwenda Kasoli, baba, nitakuitia bodaboda."

"Nikae nyuma ya mtoto wa nani?"

"Wa yeyote. Atakufikisha."

"Sijawahi kukaa nyuma ya mtu. Nyuma palikuwa pa mama yako."

Milembe aliinuka. Alikuwa mrefu kama mama yake, na akitaka kusema jambo gumu alisimama wima kabisa.

"Basi sikiliza. Siku nitakayokuona umekaa juu ya hiyo pikipiki, nyayo zote mbili ziko chini, na haiyumbi, nitakupa ufunguo mwenyewe. Kabla ya hapo, hapana."

Mahona alilipokea neno hilo kama mtu anavyopokea noti kwa mgeni: aliligeuza huku na huku akitafuta ubovu wake. Hakuuona. Akaisukuma pikipiki mpaka kwa Marcelo.

* * *

Marcelo alikuwa fundi pikipiki, mzaliwa wa Malampaka, aliyekulia karibu na reli; kwa hiyo alizungumza kwa sauti ya mtu anayeshindana na treni. Gereji yake ilitazamana na soko. Mahona angeweza kuketi kibandani kwake akaiona yote, jambo ambalo ndilo lililomfanya amchague.

"Mzee wangu, tunaishusha," alisema Marcelo. "Shokapu za nyuma nafupisha, sponji ya kiti napunguza, na magurudumu tunabadilisha. Nyuma una mia tatu kumi na nane. Tunaweka mia tatu kumi na sita."

"Mia tatu ni nini?"

Alijua. Herufi hakuzijua, lakini namba za ubavuni mwa tairi alizisoma miaka yote. Aliuliza ili aone kama atajibiwa kweli.

"Unene wa tairi."

"Na kumi na sita?"

"Kimo cha rimu, kutoka ukingo huu mpaka ule."

"Yangu ni kumi na nane. Unanipunguzia."

"Nakushusha, baba."

"Ndicho nilichosema."

Marcelo alicheka. Mahona hakucheka. Mtu anayecheka mikono yake ikiwa ndani ya mali yako ni wa kuangaliwa.

"Na mbele?"

"Mbele mbili sabini na tano, kumi na saba."

"Kwa nini mbele kumi na saba, nyuma kumi na sita? Magurudumu yana mama tofauti?"

"Mbele ukishusha sana, gurudumu litaingia kila shimo kama kuku anayedonoa. Nyuma ndiko unakokaa wewe. Huko ndiko tunakohitaji chini."

Ilikuwa na akili. Mahona hakusema kwamba ina akili. Kumpa fundi haki mapema ni kumwonyesha mahali ng'ombe walipolala. Badala yake alinyoosha kidole kwenye tairi nene lililoning'inia mlangoni, jipya, lenye meno kama ya plau.

"Weka lile."

"Lile?" Marcelo alilitazama. "Lile ni mia na kumi. Pana hilo."

"Nene ndilo nataka. Nabeba mzigo. Na nyembamba ninazijua, ninazikata kila siku. Haziwi kiatu cha mwaka."

"Hii haiwi kiatu, baba."

"Kila tairi mwisho wake kiatu."

Marcelo hakubishana kwa mdomo. Alilishusha lile nene, akalivika kwenye rimu ya kumi na sita, akaliegemeza ukutani karibu na gurudumu la zamani. Akaweka ubao juu ya yote mawili. Ubao ulikaa karibu sawa kabisa.

"Umeona? Rimu nimeipunguza, halafu unene umerudisha kimo kile kile. Utakuwa umebadilisha gurudumu, na mguu wako bado uko hewani. Halafu kwenye mbuga nene kama hili linabeba tope mpaka linajaa chini ya madigadi. Linasimama."

Mahona alilijua hilo la tope kuliko Marcelo. Mwaka mmoja wa mvua nyingi alifunga tairi nene, na walipofika katikati ya mbuga gurudumu lilikuwa limevaa udongo kama mgonjwa na blanketi. Nyanjige alishuka, akafunga kanga kiunoni, akaanza kuukwangua kwa mpini wa jembe. "Wewe na unene wako," alisema. Mahona alimsikia sasa, pale pale gereji, mbele ya ubao.

"Weka hiyo nyembamba," alisema. "Lakini rimu zangu zisiondoke hapa."

"Zitakaa pale," Marcelo alisema akionyesha pembeni.

Simu yake ikalia. Marcelo aliangalia jina, akamtazama Mahona, akaenda kuisikiliza nyuma ya tangi la maji. Mtu mwenye sauti ya treni akanong'ona.

Lakini Marcelo hakuzaliwa kunong'ona. Mahona alisikia, "Hajajua bado," kisha, "sitafanya haraka," kisha, "jioni, nyuma ya jineri," kile kiwanda cha kuchambulia pamba.

Marcelo aliporudi, Mahona aliuliza, "Nani?"

"Mteja tu."

* * *

Jioni hiyo Milembe alichelewa kurudi. Alirudi na vumbi kwenye sketi na mchubuko mrefu kwenye muundi.

"Umefanya nini?"

"Nimejikwaa, baba."

"Kwenye nini?"

"Kwenye jiwe. Nipakue ugali?"

Alipoinama kuweka sahani, Mahona alinusa petroli. Cherehani haitumii petroli.

Alikula taratibu akiyapanga. Marcelo ananong'ona na mteja wa nyuma ya jineri. Milembe anarudi jioni na harufu ya gereji. Marcelo anasema hatafanya haraka. Na nani mwenye kunufaika na kutokuwa na haraka? Mvua zikianza, njia ya mbuga inajifunga yenyewe. Hapo hakuna haja ya kumkatalia mzee ufunguo. Unamwambia tu, ona, baba, mvua.

Alimtazama bintiye akiosha sahani. Mgongo ulikuwa ule ule wa mama yake. Hakupenda alichokuwa akikifikiri, lakini hakuacha kukifikiri.

Asubuhi Justina alimwongezea kuni.

"Rubani, binti yako anahama?"

"Kwa nini?"

"Nimemwona alfajiri anatoka kwa fundi. Amebeba kitu kikubwa cha mviringo, amekifunika kanga. Nimesema, loo, Milembe ameanza kuuza ungo."

Mahona aliinuka, akavuka barabara. Pembeni, pale rimu zake za zamani zilipokuwa, palikuwa na alama ya duara kwenye vumbi. Marcelo alikuwa chini ya pikipiki nyingine, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Rimu zangu ziko wapi?"

Miguu ilitulia kidogo. "Zipo, mzee wangu. Zimewekwa mahali pazuri."

"Pazuri pa nani?"

"Zipo, baba. Nani aibe rimu zilizopinda?"

"Hazikupinda."

Spana ikaanza kugonga tena. Mahona alirudi kibandani, akakaa, akakata soli mbili za mguu mmoja.

* * *

Tairi jembamba la kumi na sita halikupatikana Bariadi. Lililetwa na basi kutoka Mwanza, limefungwa kwa karatasi ya kahawia. Mahona alikuwa amesimama mlangoni kabla Marcelo hajakata kamba.

Alilibonyeza kwa kidole gumba. Lilibonyea. Alilinusa. Alilikunja, likakunjika.

"Laini hili."

"Laini ndilo linaloshika tope."

"Gumu ndilo linalodumu."

"Mguuni, baba. Barabarani gumu linateleza. Tairi likishakauka ni kama kwato za mbuzi juu ya jiwe lenye maji."

Lilikuwa jipya, hilo Mahona alilikubali. Vinyweleo vyake vya kiwandani vilikuwepo bado. Lakini hilo ndilo lililomtia shaka mpya. Marcelo alisema kwamba spoku za rimu hazijakazwa, gurudumu lingefungwa kesho. Maana yake tairi jipya, zuri, ambalo mjini hapo hakuna la pili yake, lingelala gereji. Na kesho angekabidhiwa nini? La kumi na sita, ndiyo. Lakini lipi?

Marcelo alikwenda kula kwa mama ntilie. Gereji ikawa tupu, na mchana ulikuwa mweupe, na hakuna aliyekuwa akitazama.

Mahona alichomoa kisu. Akalichanja ubavuni, chini karibu na ukingo, mikato miwili, kina cha ukucha. Mkono ulifanya wenyewe, kama unavyojipeleka mdomoni. Kisha akalipangusa vumbi na kurudi kibandani akiwa na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aiache Kasoli.

Maisha yake yote, tairi alilolichanja halikurudi tena kujazwa upepo. Hilo halikumjia hata kidogo.

* * *

Siku ya kujaribu, mawingu yalikuwa yamelala upande wa ziwa tangu asubuhi. Mahona aliyatazama kabla ya kuitazama pikipiki. Kiroba cha luseni alikwisha kukijaza na kukishona mdomo.

Marcelo aliitoa nje. Ilikuwa imebadilika, imekaa chini, mbele imeinuka kidogo, kama mbwa anayemsubiri mwenyewe. Mahona aliizunguka. Aliinama nyuma, akapapasa ubavu wa tairi kwa upande wa ndani. Alama zilikuwepo. Alinyanyuka akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Milembe alifika. Justina aliacha dagaa wake akaja pia, maana jambo kama hilo halisimuliwi, linatazamwa.

"Panda, rubani," alisema Justina. "Dagaa nimewasogeza."

Mahona alipitisha mguu juu ya kiti. Uliingia bila kushikwa. Alikaa. Akashusha wa kulia, ukagusa. Akashusha wa kushoto, ule wenye nyonga, taratibu, kama mtu anayejaribu maji. Soli ya katambuga ilikanyaga vumbi. Yote. Kisigino na vidole.

Mahona alimtazama bintiye.

Milembe alitoa ufunguo kifuani. "Nilisema, baba. Shika."

"Ngoja kwanza izunguke uwanja," alisema Marcelo. "Gurudumu jipya lazima lionje ardhi."

Mahona aliwasha, akazunguka soko taratibu, akapita mbele ya watu wote waliomwona akianguka. Alisimama. Nyayo chini. Akazunguka tena. Mara ya tatu alihisi nyuma panadunda, dunda ndogo, ya kila mzunguko, kama moyo uliokosea hesabu. Alisimama mbele ya gereji.

Marcelo aliinama. Uso ulimbadilika.

"Shuka, baba. Shuka upesi."

Ubavuni mwa tairi palikuwa pametoka kijipu ukubwa wa ndimu, kimewamba, kinang'aa. Na juu ya kijipu, kama midomo iliyofumbuliwa, mikato miwili.

"Nani amelikata?" Marcelo alipaza sauti mpaka waliokuwa mbali wakageuka. "Hili limekatwa! Kwa kisu! Nani ananitakia mabaya? Mzee angekuwa kwenye lami hivi sasa lingepasuka, angekufa, ningefungwa mimi!"

Mahona aliangalia mawingu.

"Nitamjua," Marcelo aliendelea. "Wapo wanaonionea wivu mjini hapa. Ona, mikato miwili, sawa sawa, mtu amepima—"

"Ngoja," alisema Justina. Alimshika Marcelo bega ili asianguke, akainua mguu wake mmoja, akaonyesha chini ya kisigino chake. "Kama hii?"

Mikato miwili, fupi, sambamba.

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana walimwona Mahona. Alikuwa amesimama na kisu kiunoni, mzee mnyofu kama mti.

"Baba," Milembe alisema polepole. "Umelichanja tairi la kutembelea?"

"Nilidhani atalibadilisha."

"Mimi?" Marcelo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mara ya pili tangu Mahona amjue. "Nililiagiza mimi mwenyewe. Kwa ajili ya mguu wako."

Mtu aliyebanwa huuma alipo, naye Mahona akauma.

"Na rimu zangu? Na nyuma ya jineri? Na petroli nyumbani kwangu? Mnanificha nini ninyi wawili? Mnangoja mvua, mimi sijui?"

Milembe na Marcelo walitazamana. Ndipo Milembe alipofanya jambo ambalo baba yake hakulitegemea: alicheka, huku machozi yanamtoka.

"Rimu ziko chini ya kitanda changu, na matairi yake. Nilizihamisha mimi. Nilijua ukiona tairi limekaa bure utalikata viatu."

Ni kweli, Mahona alikuwa ameshalikadiria. Jozi mbili za mtu mzima na moja ya mtoto.

"Na nyuma ya jineri?"

"Ananifundisha pikipiki," alisema Milembe. Akainua sketi kidogo kuonyesha mchubuko. "Jiwe ndiyo hili. Nilimwomba asiwe na haraka na kazi yako, nimalize kwanza kujifunza, ili pikipiki ikikukataa, usibaki. Nilijua kwa bodaboda hutakwenda."

Upepo ulipita sokoni ukanyanyua vumbi na mifuko. Ulikuwa na baridi ya mvua ndani yake.

Marcelo alisugua mikono kwa tambara. "Tairi lingine la kumi na sita, kutoka Mwanza, si leo wala kesho," alisema. "La viraka simpi mtu akalie. Lakini za kumi na nane zikiletwa sasa hivi, nazirudisha, na shokapu narudisha, zisije zikagusa madigadi. Mchana mnaondoka. Ila kwa kimo kile, mzee wangu, wewe hushiki ardhi. Utakuwa umerudi palepale."

"Mimi naishika," alisema Milembe.

Wote walimtazama Mahona. Alijua kinachoulizwa. Angeweza kungoja tairi, aende mwenyewe, mbele, kama mwanamume, akute kaburi limejaa maji. Au.

Alimtazama bintiye miguuni. Ilikuwa mirefu.

"Breki ya nyuma iko mguu gani?" aliuliza.

"Wa kulia."

"Na ukikuta tope?"

"Gia ya chini, sikati moto, sishiki breki ya mbele."

Aliuliza mengine. Alijibiwa yote. Alitafuta kosa kwa bidii, na Mungu anajua alilitaka.

"Kalete rimu," alisema.

* * *

Walipoiacha lami, njia ya mbuga ilikuwa kavu bado, imepasuka kama mgongo wa kobe. Kiroba cha luseni kilikuwa kimefungwa nyuma ya Mahona, kikimsukuma mbele. Milembe aliendesha akiwa amekaza mabega. Mahona alikaa nyuma, na hakujua aweke wapi mikono.

Hakuwahi kuijua ile sehemu. Kutoka nyuma barabara haionekani. Unaona mgongo wa mtu, na pembeni mashamba yanapita. Shimo hulioni linapokuja, unalijua likishakupiga. Ndiyo maana Nyanjige alikuwa akimgonga begani na kusema, "Sema basi kama kuna shimo, ngosha!" Naye miaka yote hakusema. Alidhani anamwonea.

Milembe aligeuza uso kidogo. "Shimo, baba."

Alishika kiti.

Kaburi lilikuwa kama Luhende alivyosema. Upande wa kichwani ardhi ilikuwa imekaa chini, na ufa ulikuwa umepita katikati, mweusi, bila mwisho. Mahona alipiga magoti kwa shida akaingiza mkono. Ulifika kwenye kiwiko, kisha ukapita. Alikaa hivyo kwa muda, mkono ukiwa chini, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia nyuma ya kabati.

Milembe alifungua kiroba. Walimimina luseni kidogo kidogo, na Mahona akaushindilia kwa mpini wa jembe mpaka ufa ukakataa kupokea zaidi. Kisha wakajaza kichwani, wakapandisha mgongo wa udongo ili maji yateremke pembeni. Hakuruhusu mahali pabaki bila kukanyagwa. Matone ya kwanza yaliwakuta wakisawazisha, makubwa, mbalimbali. Walisimama wakiyatazama yanavyoanguka juu ya luseni. Hayakuingia. Yaliteleza yakaenda zake.

"Umeridhika, baba?"

"Mvua ikikazana ndiyo tutajua."

Lakini alivua kofia. Alichomoa kisu, na Milembe akashtuka. Mahona aliinama kwenye msalaba wa mti waliousimamisha siku ya mazishi, akachanja chini yake kabisa, mahali ambapo nyasi zingefunika. Mkato mmoja. Akatafakari. Akaongeza wa pili.

Walirudi kwenye pikipiki. Milembe alisita, akamnyooshea ufunguo. "Njia ni nyeupe mpaka kwenye mchongoma. Ukitaka ushike wewe hapo tu, mimi nitaishikilia pembeni."

Mahona aliutazama ufunguo. Alizunguka gurudumu la nyuma, akalipiga teke, akainama akatazama kama nati zote zipo. Zilikuwepo zote. Marcelo hakuwa ameiba hata moja.

"Kaa mbele, mayu," alisema. "Mvua hii."

Milembe alipanda, akakanyaga ardhi pande zote mbili. Mahona alipanda nyuma yake, mahali pa Nyanjige. Miguu yake haikufika chini. Aliiacha ining'inie.